Aliyebaki Ndani ya Tangi

Harufu ilianzia kwenye mtungi. Kazija alichota kata moja ya maji, akaonja, akayatema uani.

"Maji yananuka mafuta ya taa," alimwambia mumewe.

Shaame akaonja naye. Hayakuwa mafuta ya taa peke yake. Ndani yake mlikuwa na petroli, na nyuma ya petroli uzito wa lami. Mchanganyiko huo aliujua, maana aliutengeneza yeye mwenyewe.

"Osha mtungi," akasema, akaenda kazini bila ya kunywa chai.

Ulikuwa mwaka 1969. Shaame alikaa Ng'ambo, na alikuwa fundi wa boila, mtambo wa kuchemshia maji ya mvuke, katika kiwanda cha kukamulia mafuta ya nazi. Boila lilichoma mafuta mazito, na mafuta mazito huacha mashapo: lami nyeusi inayoganda chini ya tangi mpaka mabomba yakaziba. Kuiyeyusha kuna kanuni yake. Mafuta ya taa huchanganywa na dawa itokanayo na makaa ya mawe, lami ikalainika na kutiririka. Ukitia petroli badala ya dawa, lami haiyeyuki; hujikusanya ikawa madonge yanayonata, na mvuke wake humlevya mtu hata asijue alipoingilia.

Yote hayo Shaame aliyajua. Lakini pipa la dawa alikuwa kampa shemeji yake achanganyie rangi ya ngalawa, na siku ya kusafisha tangi ilipofika akatia petroli, akanyamaza. Aliyeingia ndani ni rafiki yake, Mcha. Walikuwa na ishara yao: aliyemo ndani akizidiwa agonge ukuta wa tangi, mwenzake aliye nje amvute kwa kamba. Mcha aligonga. Shaame alisikia. Ila msimamizi alikuwa anakuja upande ule na pipa la petroli lilikuwa wazi, basi akakimbilia kulificha kwanza. Aliporudi, tangi lilikuwa kimya. Mcha alitolewa maiti. Alipoulizwa, Shaame alisema mwenzake aliingia bila ya kungoja ruhusa.

Mtungi ulioshwa, harufu haikutoka. Kisha, saa za mchana watu wamejipumzisha, kukaanza kugongwa ndani ya ukuta wa chumbani, mlio wa chuma kwenye nyumba ya udongo.

"Unasikia?" Kazija alinong'ona.

"Panya hao."

"Panya hawagongi hivyo, Shaame. Huyo anaita mtu."

Shaame akajigeuza upande wa pili. Na kwa kuwa hakuitika, kile kilichokuwa kikigonga kikamwacha yeye kikamwendea mkewe, kwani alasiri moja alimkuta Kazija kasimama katikati ya chumba, nyayo zimeganda sakafuni kama zimeshikwa na kitu kinachonata, anavuta pumzi fupi fupi huku kiganja chake kikipiga hewa mbele yake, taratibu, kisha kwa haraka, kisha taratibu tena, vile vile kama alivyogonga Mcha, mpaka mkono ukamlegea na macho yakampinduka.

Kesho yake asubuhi Shaame alimleta Bi Mwanapili, mganga kutoka Jambiani. Bibi yule alikaa mkekani, akafukiza ubani, akamfunika Kazija shuka, akauliza kwa upole, "Nani wewe?"

Sauti iliyotoka haikuwa ya Kazija. Ilikuwa nzito, na imechoka.

"Mie nakaa pale chini tangu tangi halijajengwa. Sina ugomvi na watu."

"Basi kwa mwanangu huyu umefuata nini?"

"Mtu alinigongea juu ya kichwa changu mpaka akafa, na kugonga kwake hakuishi. Silali. Kugonga huko nimemletea aliyesikia, kuwe kwake."

Bi Mwanapili akamgeukia Shaame. "Ulisikia?"

Shaame alitazama mkeka. "Nilisikia, Bi. Petroli niliitia mie."

"Usiniambie mie," ile sauti ikasema. "Mwambie mwenye msiba. Mie nshatoka."

Kazija akapiga chafya, akaomba maji. Aliyanywa yote, hayakunuka kitu.

Shaame hakungoja kesho. Alikwenda kwa Mwatum, mjane wa Mcha, njia nzima akiyapanga maneno na kuyapangua. Alimkuta kwenye baraza ya ndani anachambua mchele.

"Shikamoo, shemegi," Mwatum alisema, kana kwamba alikuwa akimtarajia.

Shaame aliyasema yote amesimama: dawa, petroli, pipa alilolificha, uwongo wake mbele ya wakubwa. Alingoja alaaniwe. Mwatum aliendelea kuchambua.

"Nshayajua," alisema. "Kaniambia mwenyewe."

"Nani kakwambia?"

"Mcha. Huja kila siku baada ya sala ya alasiri. Hataki kula. Hukaa hapo tu, ananiuliza kwa nini hukuvuta kamba, nami sina la kumjibu." Akasogeza ungo, akampisha mkekani. "Kaa. Umwambie wewe."

Msikitini sala ya alasiri ilikuwa imekwisha. Watu walikuwa wanapita nje wakiagana. Shaame alitaka kusema ana mgonjwa nyumbani. Badala yake akavua viatu, akakaa.

Mlango wa uani ukafunguliwa na mtu asiyepiga hodi, na Mwatum, bila ya kuinua uso, akasema, "Karibu, mume wangu. Leo yuko."