Bangili ya Tatu

Binti wa kaunta alikata bangili tatu, na watu walikuwa wawili.

Hapo ndipo Kisilu angegeuka arudi zake nyumbani. Lakini nani hugeuka kwa sababu ya kipande cha karatasi? Mwanamume mzima, dereva wa gari la mkate, anayejulikana Kayole nzima kwamba hupenya msongamano wa Spine Road bila kupiga honi hata mara moja, akimbie bangili? Akaegemea kaunta, akaonyesha meno yote.

"Siste, tuko wawili tu. Mimi na mresh wangu."

"Na mtoto?" Binti huyo, aliyeandikwa Shiru kifuani, alitafuna chingamu bila kuinua macho kutoka kwa mashine. "Hapa mtoto haingii bila bangili. Nambari yake ifanane na ya wazazi, ama soja hamfungulii mkienda. Anaitwa nani?"

"Mtoto gani?"

"Si huyu anajificha nyuma ya mamake?"

Kisilu akatazama. Nyuma ya Nthenya, mkewe, palikuwa na sakafu inayong'aa tu. Sakafu, na harufu ya maziwa yaliyolala.

Watu wa Pwani hujigamba kwamba majini ni yao. Waendelee kujigamba. Jini la huku kwetu Eastlands, Nairobi, halihitaji bahari. Linahitaji paa, mlango, na mtu aliyevunjika moyo.

Na Nthenya alikuwa amevunjika. Tangu watoke hospitalini mikono mitupu hakuwa amecheka. Mtoto wao wa kike alikufa kabla hajapewa jina, na shali waliyomnunulia ilikuwa bado kwenye karatasi yake ya duka, juu ya kabati, hakuna aliyethubutu kuigusa. Kisilu alimpikia, akamwimbia, akaleta mchungaji, akamtania mpaka utani ukamwishia. Ndipo bosi wake akampa tiketi za jumba hili la michezo, juu kabisa ya maduka mapya, lenye magari ya kugongana, trampolini na bwawa la mipira ya plastiki. "Mpeleke mama akacheke," bosi alisema. Kisilu angempeleka hata mwezini, mradi arudi na mke.

Sasa akamwona Nthenya akigeuka polepole, akiinama kutazama nyuma ya sketi yake, mahali pasipo na kitu. Akatabasamu.

"Kathini," akasema. "Anaitwa Kathini."

Ndilo jina walilokuwa wamemwandalia marehemu, jina la mama mzazi wa Kisilu, maana mtoto hurithi jina la nyanya yake. Kisilu alitaka kumkatiza. Lakini lile tabasamu! Hakutaka kuwa mtu wa kulizima.

"Haya, baba amfunge," Shiru akasema, akimsukumia bangili ndogo ya waridi.

Asiye Mkamba ataona ni mzaha tu. Lakini Ukambani mtoto asiye na jina si mtu bado. Wazee humwita kiimu, yaani wa wale wengine, wa mizimu. Wanawake humpa jina, kisha baba humfunga shanga kwa mikono yake mwenyewe, na hapo ndipo anakuwa binadamu, wa nyumba ile, asiyefukuzika. Kisilu aliyasikia haya utotoni, yakaingia huku yakatokea huku. Yeye ni wa Majengo kwa kuzaliwa, Kayole kwa kukua, na Jumapili yuko kanisani. Akachuchumaa, akaizungusha bangili hewani kando ya mkono wa mkewe, akagandisha ncha zake, akaachilia.

Akangoja ianguke.

Haikuanguka. Ilining'inia pale, ikatikisika kidogo kama inayojaribiwa na mvaaji, kisha ikapotea nyuma ya sketi.

"Asante, Baba Kathini," Nthenya akanong'ona.

Ndani kulikuwa na kelele za furaha za kila aina, na katikati ya kelele hizo Kisilu alianza kusikia visigino vidogo vikifuata viatu vya mkewe. Nthenya alipanda gari la kugongana akashika usukani kwa mkono mmoja, mkono wa pili umezunguka hewa. Akacheka. Kisilu alicheka naye kwa mdomo, macho yakitafuta mlango.

Walipofika kwenye bwawa la mipira, watoto waliokuwa ndani walinyamaza kwa pamoja, wakatoka nje mmoja baada ya mwingine kama walioamrishwa. Msichana mmoja alikuwa akilia. "Kuna mtu huko chini ananivuta," alimwambia mamake.

"Nthenya, twende nyumbani."

"Acha acheze kidogo, baba. Amengoja sana."

Ndipo stima zikapotea. Jumba lile halina dirisha hata moja, kwa hivyo mchana wa Jumamosi ukageuka kaburi, watu wakapiga mayowe, na Kisilu akanyoosha mkono kumtafuta mkewe akaushika mkono, akaushukuru, akaubana, kisha akatambua kwamba mkono ule ulikuwa mdogo, wa moto kama pasi, umevaa karatasi kifundoni, na kwamba haukuwa ukimshika yeye bali ukimpima, kidole kwa kidole, kama mtu anayechagua viatu sokoni, na harufu ile ya maziwa ikampanda puani mpaka machozi yakamtoka, na kutoka chini ya mipira sauti nyembamba ikaita "Mama," na sauti ya mkewe, ikitoka chini kule kule, ikaitika "Nipo."

Stima zikarudi. Bwawa lile haliwafiki watoto kiunoni, lakini Nthenya alikuwa amezama mpaka kidevu, na alikuwa akizidi kuzama, anacheka.

Kisilu akajitupa. Alimkamata kwapani akamvuta, naye Nthenya akatoka mzito kama gunia la unga lililolowa, mkono mmoja ukiwa nyuma, umeshikwa. Akamburuta mpaka langoni.

Soja wa langoni, Hirad, aliangalia bangili zao. Halafu aliangalia chini, kando ya Nthenya, akarudi nyuma hatua moja.

"Huyu mmempatia jina?" alinong'ona. "Ndugu yangu, kila wiki anasimama hapo kaunta na watu. Wote wanasema huyo si wetu. Siwezi kumtoa huyu. Wallahi siwezi."

"Toa mke wangu peke yake!"

"Hamwachi mkono. Si unaona?"

Kisilu aliona tu kwamba vidole vya mkewe vilikuwa vimejikunja kushika kitu. Akampigia simu mama yake, mwenye jina lile, aliyekuwa nyumbani Kayole.

"Mama, tumefanya makosa. Nthenya ametaja jina lako. Mimi nikafunga."

"Ulifunga kwa mkono wako?"

"Mama, nilidhani nacheza!"

"Kichwa cha mbuzi wewe. Fungua basi, aliyefunga ndiye anayefungua. Na weka simu kwa spika." Kisha sauti ya mama mzee ikajaa pale langoni, tulivu, kama anayemwita kuku. "Wewe uliye hapo. Jina hilo lina mwenyewe. Mwachilie mkaza mwanangu. Kathini unayemtaka yuko Kayole, na mlango wake uko wazi."

Kutoka kando ya sketi ya Nthenya, sauti ile ile ya mama yake Kisilu ikajibu, pamoja na kikohozi chake: "Wazi kabisa?"

"Wazi," mama akasema. Simu ikakatika.

Kisilu akapiga magoti, akapapasa hewani. Nthenya akamrukia, akamkwaruza shingo.

"Usimfungue! Baba Kathini, nakuomba! Unaniulia mtoto mara ya pili!"

Akakipata kifundo kile cha moto. Akafunga macho, akaikwanyua bangili.

Mipira yote ya bwawani iliruka juu kwa pamoja ikaanguka kama mvua ya mawe. Lango likafunguka. Kisilu alimbeba mkewe akashuka ngazi mbio mpaka juani, kando ya barabara, akafungua kiganja aitupe ile karatasi.

Kiganja kilikuwa kitupu.

Nthenya alikaa ukingoni mwa barabara akilia, kilio cha mtu, si kile kicheko. Kisilu akamkumbatia. Mke alikuwa amerudi. Alikuwa akimshukuru Mungu kwa sauti simu ilipolia. Jecinta, jirani ya mama yake.

"Kisilu, kuja haraka. Mama amekaa mlangoni ananyonya kidole. Tunamwita, hatujui. Ana kitu cha waridi mkononi, tumejaribu kukata na makasi, hakikatiki. Anauliza tu mamake atakuja saa ngapi."

Simu ilikuwa bado kwa spika. Ndipo Nthenya akaacha kulia. Akafuta uso vizuri na ncha ya leso yake, akaichukua simu mkononi mwa mumewe, na kwa sauti laini kabisa akasema:

"Mwambieni mama anakuja."