Bomba la Spana

Asubuhi moja ya likizo, baada ya kuosha vyombo, Pilipili na mdogo wake walikwenda ofisini kwa shangazi yao. Shangazi alikuwa injinia wa pampu kiwandani kabla ya kurudi chuoni kusomea sheria. Sasa alikuwa wakili wa hataza. Mtu akibuni kitu kipya, yeye humwandalia maombi ili sheria imtambue kuwa ndiye mwenyewe.

Pilipili alipata jina hilo kwa ulimi wake. Mdogo wake walimwita Spana, maana hakupita karibu na kitu bila kukifungua. Sasa alikuwa ametengeneza bomba la dumu linalojifunga lenyewe ukiliachia, na nyumba nzima haikuwa na habari nyingine. Spana hivi, Spana vile! Hata baba, bahili wa sifa, alimwita "bwana injinia" mezani. Pilipili alikuwa wa kwanza darasani, na hakuna aliyempa cheo chochote. Aliona wivu.

"Kesho napeleka maombi," Shangazi alisema asubuhi hiyo. "Lakini tuhakikishe hakuna aliyetutangulia. Pilipili, mwanangu, una macho makali. Kaa kwenye kompyuta, upitie michoro ya mabomba ya zamani."

Alipitia mpaka macho yakamuuma. Ghafla akaliona bomba lenye springi na kishikio kama vya Spana, lililobuniwa kabla baba yao hajazaliwa. Moyo ulimdunda kwa furaha. Alitaka kupiga kelele, kisha akafikiria jambo tamu zaidi. Akinyamaza, maombi yatakwenda, yatakataliwa, na bwana injinia ataaibika mbele ya wote. Akaufunga ule mchoro.

"Umeona kitu?" Shangazi aliuliza.

"Sijaona."

Spana aliruka. "Si nilikuambia, Shangazi? Kama dada hajaona, basi hakuna! Dada hapitwi na kitu."

Pilipili aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kusikia majigambo, si kusifiwa. Masikio yalimwaka moto kwa aibu.

"Shangazi," alisema kwa sauti ndogo, "nimedanganya. Lipo." Akaufungua mchoro. "Nilitaka akataliwe. Kila mtu anamsifu yeye tu."

Spana alimtazama dada yake kwa hasira. Kisha akaisogelea kompyuta na kukodoa macho. "Mbona mwenye hili kauweka nje mpira wa kuzibia? Wangu uko ndani, maji yenyewe yanausukuma ukabana. Hili lake litavuja!"

Shangazi alivaa miwani. "Litavuja kweli! Basi kipya chako ni hicho. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba bomba zima ni lako, na wangetukatalia lote. Sasa tutaombea huo mpira wa ndani."

Akamgeukia Pilipili. "Umetafuta vizuri kuliko wasaidizi wangu wote. Kosa ni kuficha. Wivu humpata kila mtu, mwanangu. Hata mimi kiwandani ulinipata. Ukikujia, useme mapema, kabla haujakufanya mwongo."

"Bado ninao kidogo," Pilipili alikiri. Akamgeukia mdogo wake. "Nisamehe."

"Bado nimekasirika," alijibu Spana, huku akimvutia kiti. "Lakini tafuta tena. Tafuta lenye mpira ndani."

Pilipili akatafuta mpaka jioni, safari hii akiomba asilione.