Mivinje Arobaini ya Keko

Benedicta aliung'oa mvinje mkavu wa kumi na mbili, akaugonga chini ili udongo udondoke. Haukudondoka. Aliinama, akaona mizizi imejizungusha ndani ya mfuko mweusi wa nailoni. Mfuko haukuwa umechanwa, na udongo wake ulikuwa na unyevu.

Alikaa ukingoni mwa mtaro, khanga yake ikiburura vumbini. Nyuma yake mafundi wa Keko walikuwa wakipiga randa.

"Mwalimu, umechoka mapema yote hii?"

Aliijua sauti kabla ya kugeuka. Ni Kasimiri, fundi seremala, kavaa suruali ya bugaluu na shati la kijani ambalo Benedicta alimnunulia Krismasi. Begani alibeba sanduku la zana.

Masika yaliyopita, siku ya kampeni ya miti, Benedicta ndiye aliyewaelekeza majirani kupanda mivinje arobaini kando ya barabara. Kasimiri, mchumba wake, akajitolea kuimwagilia kila alfajiri. Ilipokauka Januari, Benedicta alimwita mwongo mbele ya karakana nzima, akamrudishia pete ya mpingo aliyomchongea. Tangu hapo Benedicta alipitia njia ya nyuma ili asionane naye.

"Zana unazipeleka wapi?"

"Newala. Basi ni kesho asubuhi."

Benedicta alimpa ule mche mkavu. Kasimiri alibonyeza udongo kwa kidole.

"Una maji," Benedicta alisema.

"Si nimemwagilia mpaka leo? Nilidhani itachipua."

"Mie ndiye niliyewaambia watu udongo usimwagike. Wakaogopa kuchana mifuko. Sikukagua hata mmoja."

Kasimiri alicheka taratibu. "Kumbe nilikuwa napelekea maji wafungwa."

"Kasi, nisamehe."

"Nilishakusamehe mwezi wa pili." Aliutua mche chini. "Ungepita hapa mwezi wa pili, Bene. Mwezi wa tatu wazee wangu wakapeleka posa kwa kina Margareta, huko Newala. Siwezi kumfanyia binti wa watu nilivyofanyiwa."

Benedicta aliitikia kwa kichwa.

Kasimiri aliweka sanduku chini, akashika jembe. Waling'oa miwili pamoja. Kisha akachukua mche mpya kati ya ile aliyoileta Benedicta, akauchana mfuko wake kwa ncha ya patasi, polepole.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo, mpenzi." Neno lilimtoka kwa mazoea. Hakuna aliyelirudisha.

Jua lilipoinama, mashimo kumi na manne yakiwa na miche mipya, Kasimiri alijitwika sanduku. "Imebaki ishirini na sita."

"Nitamalizia kesho," alisema Benedicta, akaifunika miche iliyobaki kwa gunia bichi.