Pipa Lililozibwa Vizuri Mno

Mjinga wa siku ile alikuwa konstebo mwenyewe, Velten Ruhl, na afadhali tuliseme mapema lisije likatuumbua mbele. Maiti ilikuwa imelala kwenye theluji hatua nne kutoka kwake, naye akatafuta mahali pakavu pa kukaa ili aandike maelezo yake. Akakalia ushahidi.

Lilikuwa pipa la nyama ya nguruwe, limelazwa ukingoni mwa gari la farasi, kizibo kikiwa juu. Konstebo aliketi juu yake kama mpanda farasi, kizibo kikiwa katikati ya mapaja yake, akapuliza wino usigande, akaandika:

“Jumatatu, Januari 1778. Chini ya kilima cha Kreutz. Jakob Stoever, mchukuzi wa jeshi, umri miaka arobaini hivi. Jeraha moja, kichwani, juu ya sikio la kushoto. Gari lina mapipa sita. Farasi wanne, hai. Hakuna kilichoibwa.”

Nyuma ya gari theluji ilikuwa imeyeyuka, barabara ikawa nyeusi na majimaji, eneo la kutosha kulaza ng'ombe. Velten alidhani farasi wamekojoa. Farasi wanne, na mkojo wa ziwa zima. Vidole vyake vilikuwa vimeshikwa ganzi, na kichwa kilikuwa kimevifuata.

Shamba la jirani lilikuwa la Christian Hostetter, Mmenoni, mtu wa dhehebu la Kikristo lisiloshika silaha wala kuapa. Siku mbili kabla, Stoever alikuwa amempelekea karatasi ya Bunge ya kuchukua farasi wake kwa ajili ya jeshi. Walikuwa wamebishana langoni hadi majirani wakasikia. Velten aliingia ghalani kwa Hostetter, akakuta shoka lenye damu.

Basi. Kabla ya saa sita mchana alikuwa amemfunga kamba.

Mjini York hapakuwa na mahali pa kumhoji. Waingereza walipouteka mji wa Filadelfia, Bunge la majimbo kumi na matatu yaliyowaasi lilifunganya karatasi zake, likavuka mto, likahamia katika jengo la mahakama ya wilaya. Konstebo aliyekuwa na ofisi humo akajikuta anafanya kazi ya serikali jikoni kwa mkewe, kati ya gudulia la kabichi chachu na kamba ya soseji.

“Jina?”

“Unalijua, Velten. Mwaka jana uliniuzia mbuzi kilema.”

“Jina, kwa maandishi.”

“Christian Hostetter.”

“Apa kwamba utasema kweli.”

“Siapi. Ndiyo yangu ni ndiyo, hapana yangu ni hapana.”

“Ulimuua Stoever?”

“Hapana.”

“Mligombana?”

“Ndiyo.”

“Shoka lako lina damu.”

“La kwako je?”

Velten aliona huo ni ufidhuli. Hakugeuza shingo kutazama shoka lake mwenyewe nyuma ya mlango, lenye damu ya nguruwe aliyemchinja Alhamisi. Januari ni msimu wa kuchinja nguruwe; York nzima, ukitafuta shoka lisilo na damu nenda kaulize kwa kinyozi.

Jioni alikuja Mheshimiwa Ezra Tillotson, mjumbe kutoka kaskazini, mwenyekiti wa kamati ya mahitaji ya jeshi. Mtu mwembamba, macho mekundu kwa kusoma. Siku yenye mahudhurio mazuri Bunge lilikuwa na wajumbe kumi na wanane, na kazi ya vita nzima iliwaangukia hao: bunduki, blanketi, viatu, unga. Walikuwa wamefika hadi kupitisha sheria kwamba kila ng'ombe wa jeshi aandikwe rangi yake na kama ana pembe. Hawakuwa wavivu. Tatizo lilikuwa kwamba ng'ombe mwenyewe alikuwa hafiki.

“Konstebo, umefanya kazi ya haraka,” alisema Tillotson. “Mtu aliyekataa kiapo, aliyekataa kutoa farasi, amemuua mtumishi wa Bunge. Atahukumiwa Ijumaa.”

“Ijumaa hii, Mheshimiwa?”

“Wachukuzi wanaacha kazi kila siku. Wakisikia mwenzao ameuawa na hakuna aliyenyongwa, Jumatatu sina gari hata moja. Kule kambini Valley Forge watu wanachemsha ngozi za viatu wale. Unanielewa?”

Velten alielewa. Hilo ndilo lililomkera.

Jumanne Daktari Wirtz aliukagua mwili kwenye banda la baridi.

“Si shoka,” alisema.

“Hebu rudia, Daktari.”

“Shoka hupasua. Hapa mfupa umebonyea. Pigo moja la kitu kizito, butu, cha mbao. Alama yake ni ya duara.”

“Shoka lina kisogo,” alisema Tillotson, aliyesimama mlangoni na kitambaa puani.

“Kisogo cha shoka ni cha mraba, Mheshimiwa. Nimeshasema duara. Ukitaka nitakuchorea.”

Tillotson hakutaka kuchorewa. Velten aliandika “duara” na kufunga daftari. Siku ya pili, na bado mjinga ni yeye, tusimwonee haya.

Mke wa Hostetter alifika jikoni na mkate na chungu cha maharage. Hakulia, hakusihi. Aliweka chungu mezani, akauliza:

“Ijumaa, saa ngapi?”

“Saa nne asubuhi, mama. Kwa nini?”

“Nguo zake nzuri zinahitaji kupigwa pasi. Nijue niamke lini.”

Akaondoka. Velten alibaki akitazama mvuke wa maharage. Alitaka kuona huruma, akaitafuta ndani yake kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka. Kulikuwa na ganzi tu. Majira yale watu wengi walikuwa hivyo. Ukiona mwaka mzima orodha za vifo zikibandikwa kwenye mlango wa kanisa, macho hujifunza kupita.

Jumatano jioni alivua viatu akaviweka karibu na jiko. Vilipokauka, ngozi ilitoa ukungu mweupe kuanzia kisigino hadi kifundo. Mkewe, Apollonia, aliviinua.

“Wee Velten, ulikuwa unatembea wapi? Viatu nilivyokununulia kwa bei ile!”

“Nilikanyaga mkojo wa farasi. Kule kwenye maiti.”

Apollonia aligusa ule weupe kwa kidole, akaonja. Alikuwa mwanamke aliyeweka nyama kwenye chumvi miaka ishirini.

“Kama farasi wanakojoa hivi,” alisema, “nikamulie ndoo mbili kesho. Chumvi imepanda bei. Haya ni maji ya chumvi ya nyama, mzee mzima wewe.”

Velten aliketi na kiatu mkononi. Kisha akavaa viatu vikiwa bado na joto, akaenda kwenye banda la mahakama lilikowekwa gari.

Alitikisa pipa la kwanza. Nyama iligonga mbao kavu. La pili hivyo hivyo. Mpaka la tano, yote yalikuwa mepesi, vizibo vyake vimegongelewa upande upande, kazi ya mtu mwenye haraka. Alizibua kimoja akasogeza pua, akairudisha nyuma upesi. Nyama isiyo na maji yake haimsubiri mtu.

Pipa la sita, lile alilolikalia, liliyumba na kutoa sauti ya maji. Lilikuwa limemwagwa nusu tu. Kizibo chake kilikaa sawasawa na ubao, hakikuzidi hata unene wa kucha, na pembeni yake palionekana uzi wa kijani kibichi uliokauka. Jani la mafunjo. Mafundi mapipa hulizungushia kizibo ili kisivuje.

Velten alipiga magoti mbele ya pipa lile kama mtu aliyefika kanisani kachelewa.

Kwa hiyo Stoever alikuwa anamwaga maji ya chumvi chini ya kilima, ili farasi wapande na mzigo mwepesi. Mtu akamkuta. Mtu akampiga. Na baada ya kuua, mtu huyo hakukimbia. Alibaki pale kwenye theluji, akageuza pipa, akatoa jani mfukoni, akaziba vizuri.

Nani, akishaua, huona aibu kuacha pipa wazi?

Kwenye mfuniko kulikuwa na chapa iliyochomwa kwa chuma: A.L.

Asubuhi ya Alhamisi alikwenda karakana ya Adam Lichty. Tillotson alimfuata, akipiga kelele njia nzima kwamba kesi imekwisha, kwamba Ijumaa ni kesho, kwamba konstebo analipwa na nani hasa. Velten alisema kwamba tangu Oktoba halipwi na mtu, kwa hiyo swali hilo linamtatiza hata yeye.

Lichty alikuwa mzee wa miaka sitini, mabega mapana, kifua kimejaa maranda ya mbao. Alikuwa akipigilia pete kwenye pipa jipya kwa nyundo ya mbao yenye uso wa mviringo. Hakuacha.

“Karibuni. Msikanyage mbavu hizo za pipa.”

“Mzee Adam,” alisema Velten, “hayo ni mapipa ya nani?”

“Ya jeshi. Kumi na mawili. Hili ni la kumi na moja.”

“Wanakulipa ngapi?”

“Muulize Mheshimiwa.”

Tillotson alikohoa. “Kamati iliazimia kwamba mapipa ya Lichty yanavuja. Nyama ilifika kambini imeoza, pipa baada ya pipa, yote ya chapa hii. Tulimwamuru atengeneze mengine bila malipo. Ilikuwa ni adhabu nyepesi.”

“Ulikubali, mzee?”

“Niliyakagua yaliyobaki hapa. Niliyajaza maji, nikayaacha wiki. Hayakutoa hata tone.” Akapiga pete mara mbili. “Mapipa yangu hayavuji.”

“Jumatatu ulikuwa wapi?”

“Njiani.”

“Njia gani?”

“Ya kilima cha Kreutz.”

“Ulifuata nini?”

“Pipa langu. Nilitaka kuona linavujia wapi.”

Hapo nyundo ilisimama. Velten alizungumza polepole.

“Ulikwenda kwa miguu? Kwenye theluji ile?”

“Gari lilipopita hapa nikalifuata. Stoever hakutazama nyuma. Chini ya kilima akasimama, akayageuza, akaanza kung'oa vizibo. Kimoja, kingine. Kama mtu anayekamua ng'ombe. Alipofika la sita nikamwambia, Jakob, unafanya nini?”

“Akasemaje?”

“Akacheka. Akasema, ‘Mzee, nguruwe akishakufa haogelei. Farasi wangu ndio watakaopanda mlima, na hawajaona shayiri tangu Krismasi.’ Nikamwambia mwanangu alikula nyama hiyo. Akasema, ‘Basi alikuwa na bahati, wengine hawajala kitu.’”

Velten alimjua Peter Lichty, kijana aliyekuwa akiimba kanisani kwa sauti mbaya na moyo mkubwa kabla ya kwenda jeshini.

“Alikufa lini?”

“Kabla ya Mwaka Mpya. Tumbo. Mwenzake alirudi na magongo, akanisimulia. Walikaa siku tatu bila nyama, likaja pipa. Peter akaona chapa, akawaambia wenzake, ‘Hili la baba yangu, kuleni bila wasiwasi.’ Wakalifungua.” Mzee aliifuta nyundo kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. “Wakamwambia, ‘Baba yako anatuua.’ Yeye akala, ili kuonyesha kwamba ni nzuri. Alikula peke yake.”

Velten alifungua daftari.

“Ulimpiga mara ngapi?”

“Mara moja. Kwa hii. Nikadhani nitasikia kitu, hasira au hofu. Sikusikia kitu. Niliona maji bado yanatoka, nikaziba.”

“Ulikuwa na jani mfukoni?”

“Konstebo, mimi ni fundi mapipa. Wewe huna kalamu mfukoni?”

“Na Christian Hostetter? Ulijua amefungwa. Ulijua Ijumaa.”

Kwa mara ya kwanza mzee aliinamisha kichwa.

“Nilijua. Nilikuwa nakuja leo jioni, lilibaki moja tu baada ya hili. Nisingemwacha anyongwe. Lakini nisingeacha pia waseme kwamba Lichty hakumaliza.”

Velten alichukua nyundo mkononi mwa mzee. Haikuwa na ubishi wowote. Ilitoka kama kijiko kwa mtoto aliyeshiba. Akamwambia msaidizi wake aliyesubiri nje aende akamfungue Hostetter, na apite kwanza kwa mkewe amwambie aache pasi.

Ndipo Tillotson akalipuka. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekosa usingizi kwa miezi mitatu.

“Unajua umefanya nini, Lichty? Umeua mchukuzi wakati jeshi linakufa njaa! Wangapi sasa watakubali kuendesha? Ungetuletea malalamiko! Ungeandika! Ndiyo kazi yetu!”

“Niliandika, Mheshimiwa. Barua mbili.”

“Zilipokelewa! Zilisomwa! Unadhani tumelala? Bunge limeijadili nyama hiyo siku tisa. Siku tisa! Iliundwa kamati ya mapipa, kamati ya chumvi, na kamati ya kuchunguza kamati ya chumvi. Nimeandika maazimio mpaka mkono umevimba. Kamati tatu, mzee, kwa ajili ya nyama ya mwanao! Ulitaka tufanye nini zaidi?”

Adam Lichty alinyoosha mikono ifungwe kamba, akamtazama bila chuki.

“Kamati tatu, Mheshimiwa, na humo ndani haikuwamo hata pua moja iliyonusa pipa.”