Ukuta wa Mwalimu Raphaël

Ndugu zangu wa mtaa, haya mnayajua. Nayasema tena kwa sababu naona tumeanza kuyasahau.

Mwalimu Raphaël alipokuwa hai, nyumba yake ilipendeza kuliko zote kwenye barabara yetu hii itokayo Kasongo kwenda Kabambare. Jioni alikaa barazani akisahihisha madaftari, na upande wa pili wa ukuta jirani yake Ibrahim, fundi cherehani, alishona huku wakitaniana. Feza, mke wa Ibrahim, akipika sombe, mboga ya majani ya muhogo, hakosi kumpelekea mwalimu bakuli. Huyu Mkristo, wale Waislamu, na sikukuu zote walikula pamoja.

Mwalimu akafa, akaacha watoto wawili. Placide alikuwa mfanyabiashara wa dhahabu kule Salamabila. Dada yake, Sidonie, ameolewa na mkulima wa Wamaza. Sidonie aliomba ahamie katika nyumba ya baba pamoja na wanawe. Placide akakataa, akasema nyumba ni ya mtoto mwanaume. Akatia kufuli mlangoni, akaondoka na ufunguo.

Mwaka wa kwanza mchwa walikula mbao za paa. Wa pili, wezi walibeba mabati. Mvua ikawa inanyesha juu ya matofali mabichi, na ukuta mrefu wa ubavuni ukaanza kuinama upande wa Ibrahim.

Feza akaenda kwa Alimasi, shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu.

“Shefu, ukuta wa mwalimu iko inainama kwetu. Itatuua.”

Alimasi si mtu mbaya. Alikuja, akatazama, akaandika barua kwa ofisi ya mji. Baada ya miezi mitatu wakaja watumishi wawili na kopo la rangi nyekundu. Wakachora msalaba mkubwa ukutani.

“Sasa mutabomoa lini?” Ibrahim akauliza.

“Sisi hatubomoi, Papa. Sheria inasema mwenyewe apokee barua kwanza, ndiye anabomoa.”

“Mwenyewe hayuko. Basi muniache nibomoe mimi. Sururu niko nayo, mikono niko nayo.”

“Ukigusa mali ya mutu, tutakufunga.”

Wakafunga kopo lao, wakaenda. Tulikuwa wengi pale barabarani. Hakuna aliyefungua kinywa, hata mimi.

Alimasi akampigia Placide simu, tukamsikia akifoka: “Mutu asiguse nyumba ya baba yangu! Mwezi wa sita nakuja kujenga ghorofa!” Mwezi wa sita ukapita, na wa mwaka uliofuata ukapita. Sidonie alitembea kwa miguu kutoka Wamaza, akapiga magoti ofisini, akaomba atie sahihi ili ukuta ubomolewe. Akaambiwa sahihi yake haitoshi, inatakiwa na ya kaka yake.

Mtauliza kwa nini Ibrahim na Feza hawakuhama. Wahamie wapi? Hawakuwa na parseli nyingine ya kujenga. Walisogeza kitanda kwenye chumba cha mbali, lakini cherehani inataka mwanga, na mwanga ulikuwa upande ule ule wa ukuta.

Ilikuwa Jumanne, saa nne ya asubuhi. Mvua ya siku mbili ilikuwa imekatika, jua limetoka. Feza alikuwa sokoni akiuza mchele wake, Ibrahim akishona sare za shule. Tukasikia mshindo mmoja tu. Tulichimbua kwa majembe na kwa kucha. Tulipomfikia alikuwa ameshakata roho, futi yake ya kupimia iko shingoni.

Feza alipofika hakupiga kelele. Alisema, “Niliwaambia.” Akatutazama mmoja mmoja. “Niliwaambia.”

Placide alikuja kwa pikipiki siku ya mazishi, na alilia kweli.

“Mama Feza, unisamehe. Sikujua kama iko vile.”

“Ulijua. Shefu alikuambia. Hukutaka tu kuja kuona.”

Baada ya matanga, Placide akiwa amesharudi Salamabila, watumishi wakarudi na kopo lao. Tukafurahi, tukidhani wamekuja kumaliza magofu ya mwalimu. Wakayapita. Wakasimama mbele ya nyumba ya Feza, iliyopasuka siku ile, wakachora msalaba, wakampa karatasi: siku thelathini awe ameibomoa, la sivyo watabomoa wao.

“Mbona yangu?” Feza akauliza.

“Nyumba yako ni hatari kwa watu, Mama. Na wewe mwenyewe uko hapa, barua unaweza kuipokea.”

Siku ya thelathini na moja wakaja na nyundo. Feza akaenda Nyangwe kwa ndugu zake, godoro kichwani. Kuta tatu za mwalimu zimesimama hadi leo, na mmoja umeanza kuinamia kwa Marcelline, jirani wa upande mwingine, mwenye watoto wanne.

MAFUNZO

Wewe uliyerithi nyumba, kaa humo au mpe ndugu yako akae. Ukiifunga kwa ubishi, unamtegea jirani yako kifo. Wakubwa wa mji, rangi haizuii tofali kuanguka, na sheria inayomkamata aliye karibu na kumwacha aliye mbali haimlindi mtu yeyote. Sisi tuliosimama barabarani siku ile tulikuwa kumi na mmoja. Kama wote tungeshika sururu, wangemfunga nani? Ukiona hatari kwa jirani, usingoje ruhusa ya kusema.

Kesho asubuhi ninakwenda ofisini kwa ajili ya Marcelline. Nimezunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba wale kumi twende pamoja. Mpaka sasa hakuna aliyekubali.