Mnazi Uliotemwa

"Ulitema!"

"Sikutema, nilipaliwa..."

"Ulitema, Prisi! Mbele ya wazee kumi na mmoja!"

"Na koo ni langu, Nyale, si la ukoo wenu!"

Soko la Malindi likatega masikio. Muuza madafu aliacha panga hewani. Nyale alisimama nyuma ya lundo lake la vitabu vya mtumba, shati halijaona pasi tangu Jumamosi, macho mekundu kama mtu aliyemenya gunia zima la vitunguu. Priscilla alikuwa bado na sare ya mapokezi ya hoteli kule Watamu, gauni la buluu na kijiskafu shingoni. Alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku kuja kugombana.

Jumamosi ilikuwa siku ya posa. Watu wa Nyale walipeleka mnazi, ile pombe ya utomvu, Sabaki kwa mzee Kambi, babake Priscilla, na kama ilivyo desturi yao, binti akaitwa, akapewa kata aonje kwanza kisha ampe babake. Akimeza, kakubali mume. Priscilla alipiga fundo moja, macho yakamtoka pima, akalitema lote mchangani, karibu na viatu vya Randu, bamdogo wake Nyale, aliyeugema mnazi ule kwa mikono yake. Wageni waliondoka hata wali hawakuugusa. Na leo saa tisa wazee walikuwa wanakaa kulifunga neno: binti kakataa, basi.

"Sasa ni saa nane na nusu," Nyale alisema. "Niambie tu hunitaki. Nitakufa, lakini nitaelewa."

"Nani kasema sikutaki?"

"Mchanga wa babako umesema!"

Priscilla alichomoa kitabu mkobani akakibwaga juu ya lundo. Jaladani, mwanamume na mwanamke walikuwa wamekumbatiana. Nyale alikitambua. Ndani hamkuwa na kumbatio hata moja. Mwezi uliopita, kwa utani wake, alichukua kitabu cha virusi vinavyoua, habari za kweli tupu, akakibandika jalada la mahaba kwa gundi, akampelekea mchumba wake. "Soma, laazizi, utalia." Alingoja arushiwe kiatu, wacheke. Prisi hakurusha kitu. Alikisoma.

"Mara tatu," alisema sasa. "Damu puani. Manesi wanakufa na wagonjwa wao. Halafu nikafika kwa popo. Popo analamba utomvu kwenye kibuyu cha mgema, anakojoa humo humo. Asubuhi watu wanakunywa. Siku chache, homa. Kisha hawajui hata majina yao. Kisha jeneza."

"Hapa Sabaki?"

"Huko Asia. Popo wa hapa umewapima wewe?"

"Prisi, mnazi unanywewa tangu babu wa babu!"

"Najua! Kichwa kinajua, koo halitaki!"

"Si ungeniambia?"

"Ungecheka! Kwako wewe kila kitu mchezo." Sauti ikampasuka. "Anayekunywa anakufa kwanza, Nyale. Wa pili ni anayemuuguza. Nilipotia ile kata mdomoni nikakuona wewe, unanipangusa jasho, glavu huna, mjinga wewe, unanichekesha nisiogope. Ndiyo nikatema."

Nyale alikichukua kitabu, akaanza kulibandua lile jalada. Simu yake ikalia, akaipokea.

"Wazee wamefika," bamdogo Randu alisema. "Tunafunga."

"Bamdogo, ngoja kwanza..."

"Ningoje nini? Miaka arobaini napanda minazi, sijawahi kutemewa!"

Priscilla aliipokonya simu. "Shikamoo, baba. Ni mimi, Priscilla."

Randu akaitikia taratibu, maana salamu haikataliwi hata na mwenye hasira: "Marahaba."

Akamwaga yote kwa pumzi moja, kitabu, popo, homa, majeneza. "Si mkono wako niliotema, baba. Nilimtema popo." Kwa nyuma mzee mmoja alisonya.

"Kosa ni langu, bamdogo!" Nyale alipiga kelele. "Mimi ndiye niliyebandika jalada!"

"Wewe nyamaza, nazungumza na mwanangu."

Nyale alishika ukingo wa meza. Muuza madafu naye akashika wake.

"Hao popo nawajua," Randu alisema. "Washenzi. Naamka nakuta kinyesi kwenye mdomo wa kibuyu. Sasa hao wagema wa huko, kitabu kinasema waliacha kazi?"

"Hawakuacha, baba. Wanaufunga mti kitu kama sketi ya matete, kinafunika kibuyu. Popo hafikii."

Priscilla alimsikia Randu akiwaambia wazee neno lile lisifungwe kwanza.

"Basi, mwanangu," sauti ilisema, "kamuulize mamako kama ana hando kuukuu, ile sketi ya marinda mengi ya kina mama, aniazime. Nina mnazi mmoja nataka kuuvisha kabla jua halijatua."