Blanketi la Maman Eulalie

Kila kitu kilichoanikwa nyuma ya wodi ya wanawake kilikauka kabla ya adhuhuri: mashuka, aproni, bendeji zilizochemshwa. Blanketi jekundu peke yake liliendelea kudondosha maji. Ulikuwa mwezi wa saba, kiangazi chenyewe, jua la Bukavu likiwaka na upepo wa ziwa ukipanda mlimani tangu asubuhi. Adélaïde alilikamua, akaligeuza, akaliacha juani. Kesho yake lilikuwa vilevile, tone baada ya tone, na udongo chini yake umegeuka tope.

"Ni sufu nzuri," alisema. "Sufu nzuri inakunywa mayi mingi."

Anne-Marie, muuguzi aliyekuwa mdogo wake kazini, alilitazama bila kulisogelea. "Maman, ata kondoo mwenyewe angekuwa amekauka."

Adélaïde hakucheka. Alikuwa muuguzi mwenye diploma, mkuu wa wodi ile, na kwa mkuu wa wodi kila jambo lina kanuni yake. Wanafunzi waliopita mikononi mwake walizijua kwa moyo. Mgonjwa anageuzwa kabla mgongo haujaoza. Homa hupimwa kwa kipimo, si kwa kiganja. Na mtu akifa, unamfumba macho, unamfunga taya, unamwosha taratibu kama vile bado anaumia, kisha vitu vyake vyote unawakabidhi ndugu zake mbele ya mashahidi, hata kama ni kijiko.

Blanketi lile lilikuwa la Maman Eulalie, na Maman Eulalie alikuwa amekufa.

Alikuwa mfanyabiashara wa Kamituga, mwanamke wa mifupa mikubwa, aliyeletwa na lori akiwa na maji mapafuni na ulimi usiougua. Alikuwa akikohoa mara tatu, kikohozi kikavu, akitema koponi, kisha akianza kutukana. Chakula cha wenzake kilinuka. Sindano ya Anne-Marie ilikuwa ya kuchomea ng'ombe. Na kila jioni, Adélaïde akiwa ameshafika mlangoni, sauti ilimfuata, ikimwita muuguzi kwa Kifaransa:

"Wewe infirmière. Umesahau miguu. Mulisoma nini kule, kama hamujue kufunika mutu miguu?"

Adélaïde alirudi, akakunja pembe za blanketi na kuzisokomeza chini ya godoro, zikakaza.

"Njo vile. Kesho utarudi wewe mwenyewe, bale wengine sibataki. Na hii blanketi musiiguse. Nitaenda nayo."

Alikufa alfajiri. Kwenye kitanda cha jirani alilala Jeanine, msichana wa Nyangezi aliyepasuliwa tumbo, meno yakigongana chini ya kitenge kimoja. Hospitali haikuwa na blanketi hata moja. Ulikuwa mwaka ule serikali ilipochukua maduka ya wageni na kuwagawia wananchi, na rafu zikabaki na vumbi. Adélaïde alimtazama aliyekufa, akamtazama anayetetemeka. Maiti haisikii baridi. Hakufikiri zaidi ya hapo. Alimfunga Maman Eulalie katika shuka kuukuu la hospitali. Shuka lilikuwa fupi. Miguu ilibaki nje.

Mtoto wa marehemu, Donatien, alikuja kuchukua maiti akiwa na vumbi la barabara hadi kwenye kope.

"Blanketi ya mama iko wapi?"

"Tuliichoma," alisema Adélaïde. "Ilikuwa na ugonjwa. Ni kanuni ya hospitali."

Donatien aliitazama ile miguu. "Kwetu mutu haendi na baridi, Maman. Mungetuambia, tungeleta ingine." Akavua koti lake, akaifunika miguu ya mama yake, akaondoka naye.

Ndivyo blanketi lilivyobaki, likachemshwa kwa javeli, ile dawa ya kuua vijidudu, likaanikwa, likakataa kukauka. Baada ya siku kadhaa liliacha kudondosha maji. Ukiligusa lilikuwa baridi, lakini Adélaïde alisema baridi si maji, akamfunika nalo Jeanine.

Asubuhi alimkuta Jeanine amejikunyata ukutani, mshono wake ukivuja damu kidogo.

"Maman," alinong'ona, "kuko mutu mu kitanda."

"Uko wewe tu."

"Ananiwekea miguu yake apa." Jeanine aligusa miundi yake. "Iko baridi kama ya samaki. Ananisukuma. Anasema nitoke, ni kitanda yake."

Adélaïde alimwekea kipimo kwapani. Kilisoma joto la chini mno, ambalo angemkemea mwanafunzi aliyelitaja. Akakitikisa, akapima tena, kikasoma chini zaidi. Kisha akafunua miguu ya msichana. Juu ya miundi palikuwa na alama za buluu, zimepangwa tano tano, kubwa kuliko vidole vya miguu ya Jeanine. Harufu iliyopanda kutoka kwenye sufu haikuwa ya javeli. Ilikuwa kafuri na tumbaku ya kutafuna, harufu ya Maman Eulalie.

Jeanine alipashwa joto kwa chupa za maji ya moto, akapona. Blanketi lilipelekwa kwa bibi mmoja wa kitanda cha mwisho, naye akalisukuma chini kwa mguu. "Mi ni muzee," alisema, "si mujinga." Toka siku hiyo hakuna mgonjwa aliyelikubali. Afadhali kutetemeka. Likakunjwa juu ya kabati, na mchana mweupe, daktari akizunguka vitandani na wagonjwa wote wamenyamaza kwa heshima, juu ya kabati mtu alikohoa mara tatu, kikohozi kikavu.

"Huyo apimwe makohozi," daktari alisema bila kuinua kichwa.

Akaendelea na kitanda kilichofuata.

Anne-Marie alimvuta Adélaïde hadi chumba cha dawa. "Iregeshe kwabo, Maman. Nakuomba."

"Niende niwaambie nini? Kama nilidanganya? Kesho Donatien yuko kwa mkurugenzi, na mimi niko barabarani na mutoto."

Jioni alilifunga katika mfuko wa chumvi, akapanda nalo mlima hadi nyumbani kwake Kadutu. Kitu kizuri hakitupwi. Angelitafutia mtu wa mbali. Alilifungia ndani ya sanduku la bati na kumkataza binti yake, Noëlla, kuligusa. Baba wa Noëlla alikuwa ameteremka Kinshasa kutafuta kazi, na bila shaka alipata pia mke. Adélaïde hakuwa na mtu mwingine duniani ila mtoto huyo wa miaka saba, mwembamba, mwenye kusikia baridi upesi.

Unajua yatakayofuata. Mtoto anayesikia baridi haogopi sanduku.

Siku iliyofuata zamu ilichelewa. Adélaïde alirudi giza likiingia, ukungu umeshuka juu ya mabati, na kabla hajafika mlangoni alisikia harufu ya kafuri, akajiambia ni ya jirani, akasukuma mlango, akaona sanduku liko wazi na mfuko wa chumvi umetupwa sakafuni, na juu ya kitanda blanketi jekundu limetandazwa sawasawa, pembe zimekunjwa na kukazwa chini ya godoro kama zinavyokunjwa hospitalini tu, kwa namna ambayo hakumfundisha mtoto huyo kamwe, na chini ya blanketi palikuwa na umbo moja dogo, na kando yake, likilisukumia ukutani, umbo lingine refu la mifupa mikubwa, ambalo lilishuka polepole kama pumzi inayotoka alipoinua taa, mpaka akabaki Noëlla peke yake, midomo imekuwa ya kijivu, macho wazi.

Noëlla alikohoa mara tatu. Akageuza kichwa, akatema kando ya kitanda.

"Wewe infirmière," alisema, kwa sauti nene ya mwanamke mzima. "Umesahau miguu."

Adélaïde alimnyakua, akamfunga kifuani pake kwa kitenge, ngozi kwa ngozi. Alikuwa kama anakumbatia jiwe la mtoni. Blanketi alilitia motoni. Moto ukazimika, ukafuka, blanketi likabaki zima, limelowa. Hakulala.

Alfajiri alipanda lori la kwanza la kwenda kijiji cha Miti, mtoto mgongoni, blanketi ndani ya mfuko wa chumvi. Mzee Philémon, mfumu, mganga aliyejulikana huko, alikuwa amekaa mlangoni pake anachambua maharagwe. Alimtazama mtoto, akatazama mfuko, hakunyosha mkono.

"Ule mama, ulimufunika na nini?"

"Na shuka."

"Wewe, kaka yako akikuzika na shuka fupi, utakubali?"

"Papa, nisaidie. Niko na mutoto moja tu."

"Dawa ya mugonjwa niko nayo. Dawa ya mwizi sina." Aliendelea na maharagwe. "Mwizi anarudisha. Utaenda kwenye amelala, utamufunika vile ulipashwa kumufunika. Kazi yako unaijua. Mi sitakufundisha kutandika kitanda."

"Na akikataa?"

"Basi atabaki na ule anamupatia joto."

Barabara ya Kamituga ilikula siku mbili, juu ya magunia ya chumvi, kati ya wachimbaji dhahabu walionyamaza mmoja baada ya mwingine kila Noëlla alipokohoa. Mmoja alishuka kabla ya kufika kwake, akasema afadhali atembee. Adélaïde alipima mapigo ya mwanawe kwenye shingo. Yalikuwa yanachelewa. Kila kilima yalichelewa zaidi.

Donatien alimkuta mlangoni kwake, blanketi mikononi. Alilitambua blanketi kabla ya kumtambua yeye.

"Ulisema mulichoma."

"Nilikudanganya. Nilimuvua hii blanketi mimi mwenyewe." Alimgeuzia mgongo amwone mtoto. "Utanishitaki kiisha. Nionyeshe kwenye amelala."

"Mama alikuwa anakusifu," Donatien alisema. "Hakusifu mutu ata moja maisha yake yote, ila wewe." Kisha akatema chini, akatangulia njia.

Kaburi lilikuwa nyuma ya shamba la kahawa, udongo wake bado mwekundu, umelowa ingawa kila kitu kuzunguka kilikuwa kikavu. Adélaïde alimlaza Noëlla kando. Alisawazisha udongo kwa viganja kama anavyosawazisha godoro. Alitandaza blanketi, akalivuta kichwani, akakunja pembe moja, akaikaza chini ya udongo, akakunja ya pili, kucha zikajaa tope, na chini ya sufu, aliposukuma, kitu kilisogea kumpisha, jinsi mgonjwa anavyoinua kiuno ili utandike. Aliinuka, akarudi nyuma hatua moja.

"Umesahau miguu," mtoto alisema.

Adélaïde alirudi. Akaikunja ile ncha ya chini, mara mbili, akaikaza chini ya udongo, akaweka juu yake mawe aliyoyaleta Donatien. Na chini ya viganja vyake blanketi lilikauka. Mvuke ulipanda, kafuri ikapotea, na sufu ikawa na joto kama kitu kilichoanikwa kutwa nzima.

"Njo vile," ilisema ile sauti nene, imeridhika. "Kesho utarudi wewe mwenyewe."

Kisha Noëlla akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe, jasho likimtoka, akaomba kula.

Donatien hakushitaki. Hakuwapa pia hata maji. Waliporudi Bukavu, mtoto alikula sahani mbili za bugali na kulala bila kukohoa, na Adélaïde alimgusa mpaka asubuhi, akimkuta na joto kila mara. Jumapili alifua blouse yake nyeupe ya kazi, akaianika uani. Jua lilikuwa kali. Nguo za majirani zilitolewa kambani moja moja, zimekauka.

Jumatatu alfajiri alitoka kuichukua. Ilikuwa inadondosha maji. Aliikamua, akaitikisa, akaitazama. Chini yake udongo ulikuwa tope, na kwenye tope palikuwa na alama mbili za nyayo, pana, za mtu wa mifupa mikubwa, zimeelekea mlangoni pake.

Ndani Noëlla alikuwa amelala na joto lake. Adélaïde alimfunika miguu. Kisha akaivaa blouse hivyohivyo, ikamkaa mabegani kama mikono miwili ya baridi, akashuka mlima kwenda kuanza zamu.